Pakeji Zinazotoka Chini ya Meza

Kijana aliyekuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo alikuwa amepiga magoti akitafuta waya wa umeme uliolegea, akakutana uso kwa uso na ile mashine. Kompyuta kuukuu ya mezani, haina skrini, haina kibodi, ubavu mmoja umefunguliwa ipate hewa. Juu ya meza laptop ilikuwa inajenga mfumo endeshi wa Debian kwa ajili ya maabara ya shule, na mistari ya apt, programu inayoshusha na kusakinisha pakeji za programu, ilikuwa inapita haraka mno kusomeka.

"Dada, pakeji hizi zote zinatoka humu?"

"Karibu zote. Nje tunatoka kuuliza tu kama kuna jipya."

Akanyamaza kidogo, bado yuko chini. "Sasa tunajuaje kwamba humu ndani hakuna aliyezichezea?"

Nikampa jibu ambalo kila mtumiaji wa Debian analo mdomoni: zina sahihi, yaani alama ya kidijitali ya aliyezitoa. Akaridhika, akachomeka waya, kazi ikaendelea.

Mimi ndiye sikuridhika.

Nikiwa kwenye daladala, nikiwa jikoni, swali lilikuwa linanirudia. Zina sahihi, sawa. Nani anaikagua? Anaikagua wapi? Na siku asipoikagua, nitajuaje?

## Kwa nini mashine ipo pale

Msomaji wa hapa hahitaji kuelezwa jinsi bando linavyoisha. Aliyewahi kujenga imeji ya mfumo (nakala kamili iliyo tayari kuwekwa kwenye kompyuta) kutoka mwanzo anajua inavyokwenda: unashusha megabaiti mamia, mwishoni unagundua umesahau programu ya printa, unafuta, unaanza upya, na megabaiti zilezile zinashuka tena. Kwa debootstrap, programu inayojenga Debian kutoka sifuri, kila jengo ni la kwanza duniani.

Ndiyo sababu ya apt-cacher-ng, programu ya kache (ghala la nakala za pakeji), kazi ya Eduard Bloch. Unaisakinisha kwenye mashine yoyote yenye diski ya kutosha, inasikiliza poti 3142, na kompyuta nyingine unaziambia kwa mstari mmoja tu ndani ya /etc/apt/apt.conf.d/:

`Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";`

Pakeji ikiombwa mara ya kwanza, inakwenda nje kuileta na kubaki na nakala. Ikiombwa tena, inatoka palepale kwa kasi ya waya wa ndani. Ukitaka kuona mambo yanavyokwenda unafungua ukurasa wake wa acng-report.html, ambao unakuonyesha baiti ngapi zimetoka kwenye kache na ngapi zimelipiwa nje. Nakiri kwamba kuna jioni nimeufungua ukurasa huo kwa starehe tu.

Halafu ikaja Mei 2024. Jumapili ya tarehe 12, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Mnakumbuka wenyewe: hata ujumbe wa sauti ulikuwa wa kubembeleza. Sisi tuliendelea kujenga. Pakeji zilikuwa chini ya meza, na kilichohitaji kuvuka bahari ni faili dogo la InRelease na faharasa zake, yaani orodha za pakeji zilizopo, ambazo nazo zilikuwa zinakwama katikati. Mwisho nikaweka `Offlinemode: 1` kwenye acng.conf, ikaacha kabisa kugonga hodi nje.

Kwa hiyo mashine ile naipenda. Lakini nisiiuze kupita thamani yake.

Kache ikishajaa, unagundua kwamba jengo bado lina kiasi kikubwa cha muda ambacho hakikuwa cha mtandao hata kidogo. dpkg, msakinishaji anayefanya kazi chini ya apt, inafumua kila pakeji, inaandika mafaili madogomadogo, kisha kila mara inaiomba kernel, kiini cha mfumo, ihakikishe kwamba yameingia kwenye diski kweli. Ombi hilo, fsync, kwenye diski ya kuzunguka ni adhabu. Baadaye initramfs, mfumo mdogo wa kuwashia kompyuta, inatengenezwa, mara nyingine zaidi ya mara moja kwa jengo hilohilo. Tunaitukana kampuni ya simu kwa muda ambao diski ndiyo inaula.

Dawa yake ni nyingine. Ukiita amri kupitia eatmydata, fsync inageuka kuwa maneno matupu: dpkg inaomba, inaambiwa tayari, inaendelea. Kwenye kompyuta ya kazi usithubutu, umeme ukikatika utalia. Kwenye imeji ambayo ikiharibika unaifuta na kuanza upya, hakuna cha kupoteza. Ukiwa na RAM ya kutosha, jengea ndani ya tmpfs, yaani ndani ya RAM badala ya diski. Na kama hujawahi kuijaribu mmdebstrap badala ya debootstrap, ijaribu.

Hayo ni ya kasi, na ya kasi yanapimika kwa saa ya ukutani. Swali la kijana halikuwa la kasi.

## Baiti moja

Jioni moja nikamwita, tukaamua kuwa wahalifu.

Tuliingia kwenye /var/cache/apt-cacher-ng/debrep/pool/main/h/hello. Humo kila pakeji imekaa na mwenzake: faili la .deb lenyewe, na kando yake jingine lenye jina lilelile linaloishia na .head, ambalo limetunza vichwa vya HTTP vilivyokuja nalo. Tukachukua hello, programu ambayo kazi yake yote ni kusalimia, tukaichoma baiti moja katikati bila kubadilisha ukubwa wake:

`printf 'X' | dd of=hello_2.10-3_amd64.deb bs=1 seek=2000 conv=notrunc`

Tukarudi kwenye laptop, `apt install hello`.

Kache ikatoa faili bila aibu. Haikujua chochote, wala haikujaribu kujua. Laptop ndiyo iliyokataa: `Hash Sum mismatch`, na chini yake ikapanga heshi (namba inayokokotolewa kutoka yaliyomo kwenye faili) iliyokuwa inaitarajia, kisha heshi iliyoipokea. Ukubwa ni uleule. Mstari wa SHA256 haukufanana hata kwa mwanzo wake.

Kijana akacheka. "Kwa hiyo hii ya chini haina kazi ya kuaminiwa."

Ndivyo ilivyo, na hapo ndipo jibu langu la "zina sahihi" lilipokuwa fupi mno. Faili la .deb kwenye hazina za Debian kwa kawaida halibebi sahihi yake lenyewe. Kilichosainiwa ni InRelease. InRelease inabeba heshi za faharasa, yaani mafaili ya Packages. Nayo Packages inabeba heshi ya kila .deb. Ukaguzi wote unafanyika kwenye kompyuta inayopokea, si njiani. Ni kama kutuma mzigo kwa basi huku umempigia ndugu yako simu ukamtajia kila kilichomo na uzito wake: kondakta anaweza kuwa mtu yeyote, maana mzigo utakaguliwa kwa mpokeaji.

Mpangilio huohuo ndio unaoiwezesha kache kufanya kazi. Faili lenye toleo ndani ya jina lake halibadiliki. hello_2.10-3_amd64.deb ya leo na ya mwaka ujao ni ileile baiti kwa baiti, kwa hiyo ukiwa nayo huna haja ya kuuliza tena. Kinachobadilika ni faharasa. Makosa mengi niliyowahi kuyaona ya watu kujitengenezea kache kwa Squid, proksi ya kawaida ya wavuti, yanatoka hapo: wanatunza InRelease ya jana pamoja na Packages ya leo, halafu wanashangaa heshi hazikubaliani. Siku hizi afadhali, kwa sababu apt inaweza kuomba faharasa kwa heshi yake badala ya jina, na mchanganyiko wa namna hiyo umepungua sana.

Ningeweza kuishia hapo. Kwa siku kadhaa niliishia hapo.

## Mkaguzi naye ni programu

Kilichonirudisha ni Januari 2019.

Mwezi ule Max Justicz alionyesha tundu ndani ya apt yenyewe, lililopewa namba CVE-2019-3462. Apt haishushi mafaili kwa mkono wake; ina wasaidizi, na wa HTTP ni mmoja wao. Msaidizi anashusha, kisha anamripotia mkubwa wake kwa maandishi ya kawaida, mstari kwa mstari: nimemaliza, faili liko mahali fulani, heshi zake ni hizi. Seva ikijibu kwamba faili limehamia kwingine, msaidizi alikuwa anaichukua anwani mpya na kuipeleka juu bila kuisafisha. Aliyekaa njiani aliweza kupenyeza mistari mipya ndani ya anwani hiyo, na mkubwa akaisoma akidhani ni ripoti ya msaidizi wake. Pamoja na heshi.

Yaani heshi zilikaguliwa, na zikafanana. Zilifanana kwa sababu aliyezitaja ni mwizi.

Na apt inafanya kazi kama root, mwenye mamlaka yote kwenye kompyuta.

Marekebisho yalitoka tarehe 22 Januari, na kwa Debian 9 yalikuwa apt 1.4.9. Tangazo lenyewe lilikuwa na kichekesho kichungu: ili kupata apt iliyopona ulitakiwa kutumia apt iliyo mgonjwa, kwa hiyo watu walielekezwa kuzima kwanza ruhusa ya kuelekezwa kwingine, `-o Acquire::http::AllowRedirect=false`, ndipo wasasishe.

Ubishi wa zamani ukafufuka. Upande mmoja waliosema siku zote kwamba apt ingepaswa kutumia HTTPS (HTTP iliyofungwa kwa usimbaji) tupu. Upande mwingine waliosema HTTPS haiongezi kitu pale ambapo kila faili linakaguliwa, tena inaua kache za watu wenye intaneti duni. Mimi kwa maslahi yangu nilikuwa upande wa pili, na bado niko huko zaidi ya nusu. Lakini tukio lile linaonyesha udhaifu wa hoja yetu: "kila faili linakaguliwa" ni ahadi iliyoandikwa kwa C++ na binadamu.

Ila tusiende mbali upande wa pili pia. HTTPS ingemzuia mtu wa njiani. Isingeizuia seva ya nakala iliyovamiwa, wala mashine yangu ya chini ya meza kama ndiyo ingekuwa imevamiwa. Kufunga njia ni jambo moja, na tabia ya aliye mwisho wa njia ni jambo jingine.

## Sahihi halali, mzigo mbovu

Halafu kuna Machi 2024, wiki chache tu kabla mikongo haijakatika.

Tarehe 29 Andres Freund, mmoja wa waandishi wa PostgreSQL, alitangaza kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili, yana mlango wa nyuma. Hakuwa mtu wa usalama aliyetumwa kuutafuta. Alikuwa anapima mambo yake kwenye Debian sid, tawi lisilo thabiti, akaona kuingia kwenye mashine kwa mbali kupitia SSH kunachelewa kiasi cha nusu sekunde na kunakula CPU isivyo kawaida. Akafuatilia nusu sekunde hiyo mpaka mwisho wake. Mimi ninayejenga kache ili niokoe dakika, nikisoma habari ile nilijiuliza kama ningeigundua nusu sekunde. Nadhani nisingeigundua.

Zile xz zilikuwa na kila kitu kilicho sawa. Debian ilizipokea, ikazijenga, ikazitia kwenye faharasa, faharasa ikasainiwa kwa ufunguo halali. Kache yoyote ya watumiaji wa sid iliyozitunza ilizitoa kwa uaminifu, heshi zikafanana, na safari hii zilifanana kwelikweli. Sahihi inasema pakeji imetoka kwa nani. Haisemi kama aliyeitoa alijua anatoa nini.

Sisi tunaojengea juu ya toleo thabiti tulinusurika, kwa kuwa halikuwa limefikiwa. Nilichojifunza kuhusu kache ni kitu kingine. Debian ilipozirudisha nyuma, kwa toleo lenye jina la ajabu 5.6.1+really5.4.5-1, mafaili mabovu yaliendelea kukaa kwenye diski za kache kwa muda. Hayakuweza kumdhuru aliyesasisha, kwa sababu faharasa mpya haikuyataja tena. Faili lisilotajwa haliombwi na mtu, na apt-cacher-ng baadaye huyafagia ya namna hiyo. Lakini aliyekuwa amefunga mtandao wake, akajengea juu ya faharasa ya wiki iliyopita, alikuwa bado anaomba xz mbovu na kupewa.

Hapo nikaikumbuka `Offlinemode: 1` yangu ya Mei.

Mashine ya chini ya meza haiwezi kunighushia pakeji, baiti moja tu na laptop inakataa. Inachoweza ni kuninyima habari. Inaweza kuniambia hakuna jipya wakati lipo, na kila kitu kikakaguliwa na kupita, sahihi halali, heshi sawa, ila ni za tarehe nyingine. Debian wanalijua hilo. Ndiyo maana Release (maandishi yaleyale yaliyo ndani ya InRelease) ya hazina ya usalama inabeba Valid-Until, tarehe ya kuisha uhalali wake, na ikipita apt inagoma. Wapo wanaoizima kwa `check-valid-until=no` kwa sababu inawakera. Kwa anayejenga kutoka snapshot.debian.org ana sababu, anataka hazina ilivyokuwa siku fulani na anajua anachofanya. Kwa jengo la kawaida linalokwenda shuleni, ukiona kosa hilo shukuru.

## Niliyobadilisha

Mambo si mengi.

Njia ya kwenda nje sasa ni HTTPS, ya ndani imebaki HTTP. Kwenye sources.list, faili la anwani za hazina, unaandika `http://HTTPS///deb.debian.org/debian`, mikwaju mitatu, inaonekana kama kosa la kuchapa lakini sivyo: laptop inaongea na kache kwa HTTP, na kache ndiyo inayokwenda nje kwa njia iliyofungwa, kwa hiyo nakala inabaki. Ukiandika https moja kwa moja utakutana na 403, yaani umekataliwa, na watu wengi hapo hukimbilia PassThroughPattern. Itakubali, lakini kila kitu kitapita kikiwa kimefungwa na hakuna hata baiti itakayotunzwa. Unabaki na kache ambayo si kache.

Kabla ya kufunga imeji, skripti inatafuta "3142" ndani ya etc/apt na kusimama ikiikuta. Mipangilio ya proksi ina tabia ya kusafiri na imeji mpaka shuleni, ambako hakuna 192.168.1.10 yoyote, na mwalimu anabaki na apt inayosubiri mashine iliyo mkoa mwingine. Anwani zenye HTTPS/// nazo zinarudishwa kuwa za kawaida hapohapo, maana bila kache hazina maana. Anayependa unadhifu anaweza kutumia auto-apt-proxy, ambayo isipoona kache inakwenda nje yenyewe.

Mara kwa mara jengo zima linafanyika bila kache, usiku bando likiwa nafuu, ili nione kama bado linawezekana kwa mtu asiye na meza yangu.

## Mstari unaopita haraka

Kitu cha mwisho nilikikuta nikitafuta kingine.

Hoja yote hapo juu imesimama juu ya ufunguo. Ukijenga Debian kutoka kwenye Debian, pakeji ya debian-archive-keyring, yenye funguo za kukagulia sahihi, ipo tayari na debootstrap inaitumia. Ukijenga Debian kutoka kwenye mfumo mwingine, mathalani laptop ya Ubuntu, inawezekana haipo. Debootstrap isipoukuta ufunguo, na wewe hukuitajia seva, inahamia yenyewe kwenye anwani ya HTTPS: kwa kuwa haiwezi kukagua mzigo, inategemea njia. Inaeleweka. Na kama umeitajia seva ya HTTP, kama tunavyofanya wote tunaotumia kache, inaandika hivi na kuendelea na kazi:

`W: Cannot check Release signature; keyring file not available`

Mstari mmoja, mwanzoni kabisa, kabla ya mamia ya mistari ya Retrieving na Validating. Na neno Validating linaendelea kuonekana kwa kila pakeji, kwa sababu heshi bado zinalinganishwa na Packages, na Packages na Release. Release yenyewe ndiyo haijaulizwa imetoka wapi. Katika hali hiyo mashine ya chini ya meza inaweza kuandika Release yake, Packages zake na hello yake, na kila kitu kikafanana.

Kijana aliuliza tunajuaje. Kwenye laptop ile iliyokuwa juu ya meza tulikuwa tunajua, ufunguo upo, nimeangalia. Kwenye laptop ya mwenzetu anayejenga kutoka Ubuntu nilipoangalia haukuwepo. Tumeusakinisha, na amri kwenye skripti sasa inaanza na `debootstrap --force-check-gpg`, ambayo ufunguo ukikosekana inasimama badala ya kunong'ona.